Jinsi ya kuanzisha kijiwe cha kujadili madaraka na haki bila kuishia kwenye kelele

Wakuu habari za leo. Kuna vijana wa hapa Tabora na wengine wa Kasulu, Kigoma wameniuliza namna ya kuanzisha kijiwe cha kusoma na kujadili mambo ya madaraka, haki na maamuzi magumu, yale tunayoyakuta kwenye tamthilia, falsafa na historia, kwa hiyo naandika hapa hapa ili na wengine mchukue. Mifano mingi itakuwa ya Tabora kwa sababu ndiko niliko, na pia mji huu umeona mambo, huna haja ya kwenda mbali kutafuta.

Kitu cha kwanza na ndicho kikubwa kuliko vyote: msijadili mtu, jadilini uamuzi. Ukileta mada ya "Mirambo, yule mtemi wa Urambo wa zamani, alikuwa shujaa au mkatili" ndani ya dakika kumi watu wameshagawanyika, wa Urambo huku wa Unyanyembe (yaani upande wa Tabora) kule, na hakuna anayemsikiliza mwenzake tena. Ila ukisema "mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, je alikuwa na haki ya kuifunga?" hapo watu wanaanza kuulizana, ile njia ilikuwa ya nani, wafanyabiashara wa kiarabu walikuwa wanapita kwenye ardhi ya nani na wanalipa nini, mizigo ilikuwa ni nini (pembe za ndovu, na watumwa pia, tusifiche), halafu atatokea mmoja atauliza vijiji vilivyochomwa na rugaruga, wale wapiganaji wake, vilikuwa na kosa gani. Mtu ana maisha marefu na mambo mengi yanayogongana, uamuzi una tarehe, una mahali, una walioumia na walionufaika, unaweza ukaushika na kuugeuza geuza.

Baada ya kuchagua uamuzi, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kusema "alifanya vizuri" au "alikosea", kijiwe kizima kijibu kwanza maswali haya kwa pamoja. Siku ile alikuwa anajua nini na alikuwa hajui nini? Njia zipi zilikuwa wazi kweli, siyo zile tunazozitamani sisi leo? Nani angeumia kwa kila njia? Na je yeye aliyeamua alikuwa kwenye kundi la wanaoumia au aliamua akiwa amekaa pembeni? Hili la mwisho msiliruke hata siku moja, maana ndilo linalotenganisha madaraka na dhamiri kuliko mengine yote. Mkimaliza hapo ndipo hukumu zianze.

Kikao cha kwanza nashauri mwanze na uamuzi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, wa Januari 1958, ule unaoitwa Uamuzi wa Busara, uliofanyika hapa hapa Tabora, na nashangaa vijana wengi wa mji huu wanapita kila siku bila kujua kwamba jambo lile lilitokea kwao. Ilikuwa hivi. Serikali ya kikoloni ilileta uchaguzi wa kura tatu, maana yake kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, huwezi kuchagua wako tu ukaondoka. Na ili uwe mpiga kura lazima uwe na kipato au elimu ya kiwango kilichowekwa, kwa hiyo mkulima wa kawaida wa Sikonge au Nzega yuko nje. Waafrika ndio karibu nchi nzima lakini viti vinagawanywa sawa kwa sawa kwa rangi tatu. Wajumbe wengi wakaja Tabora na msimamo wa kususa, na hoja yao ilikuwa nzito, kwamba ukiingia kwenye uchaguzi wa namna hiyo umeukubali ubaguzi kwa mkono wako mwenyewe. Nyerere akasimama upande wa kushiriki, hoja ikiwa kwamba wakisusa viti vitachukuliwa na UTP (United Tanganyika Party), chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za gavana Twining, na TANU itabaki nje inapiga kelele. Mwisho mkutano ukakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake cha ANC (African National Congress, siyo kile cha Afrika Kusini) kilichosema Afrika ni kwa Waafrika tu.

Sasa namna ya kuendesha. Gawa watu pande mbili, kususa na kushiriki, na wagawe kwa kuhesabu moja mbili moja mbili, usiwaache wachague, kwa sababu kila mtu atakimbilia kushiriki kwa kuwa anajua mwisho wake. Halafu msimamizi aweke sharti kali: mtu akisema "lakini si tulipata uhuru 1961" anasimamishwa hapo hapo. Januari 1958 hakuna aliyekuwa anajua. Mle ukumbini kulikuwa na watu wanaoogopa kwamba wanakiua chama chao, na wengine wanaogopa kwamba wanaiuza heshima yao, na wote walikuwa na sababu. Mkiwaza mkiwa ndani ya siku ile, sio mkiwa juu yake mnaangalia chini, mtaona upande wa kususa unapata nguvu ya ajabu, na mimi naona kijiwe ambacho hakijampa Mtemvu hoja yake ikiwa imara kabisa bado hakijajadili kitu. Binafsi nadhani hesabu yake ya viti haikuwa sahihi na ile kauli ya Waafrika tu ingewaumiza watu wasio na kosa. Lakini swali lake kuhusu heshima halikuwa la kipuuzi.

Wakishachoka kubishana ndipo msimamizi awape matokeo: uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na wale wa rangi nyingine walioungwa mkono na TANU wakashinda vibaya sana, UTP ikafa. Halafu uliza swali hili na unyamaze kabisa: kama wangeshindwa, uamuzi ule ule, wenye sababu zile zile, ungeitwa wa kijinga? Wape muda. Hapo mko ndani ya falsafa yenyewe bila mtu kufungua kitabu, kwa sababu mnauliza kama ubora wa uamuzi unatoka kwenye sababu zake au kwenye bahati ya matokeo yake, na wanafalsafa wamebishana juu ya hilo muda mrefu.

Na msiishie kwenye ushindi. Kikao kinachofuata kiwe mwaka 1962, mwaka ambao Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere akaambulia kura chache mno, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na kufika 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Watu wale wale waliokuwa wanadai haki Tabora wakiwa wanyonge, miaka minne baadaye wana jela mkononi. Rudia maswali yale yale: walijua nini, njia zipi zilikuwa wazi, nani aliumia. Wapo watakaosema nchi changa ilihitaji umoja, wapo watakaosema hiyo ndiyo lugha ya kila mwenye dola, waacheni waseme, ila kila mmoja aseme na nani alilipa.

Kwenye fasihi anzeni na Juliasi Kaizari, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere mwenyewe aliitafsiri, ikatoka 1963 na akairekebisha tena 1969. Mtu aliyesoma Tabora School na baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa, ameshakuwa kiongozi wa nchi, anakaa usiku anatafsiri tamthilia ya watu wanaomuua kiongozi wa nchi, hilo peke yake linatosha kuwafanya mkae chini. Msisome yote, ni ndefu, chukueni sehemu mbili tu. Ya kwanza ni pale Bruto, mmoja wa wanaokuja kumuua Kaizari, yuko peke yake bustanini usiku anajishawishi, na ukisikiliza vizuri utaona hamshitaki Kaizari kwa alilofanya, anamshitaki kwa atakalokuja kulifanya akivikwa taji. Ulizeni kijiwe: inaruhusiwa kumuadhibu mtu kwa kosa ambalo hajalifanya bado? Halafu mrudi kwenye ile sheria ya kizuizini ya 1962 na mtaona swali ni lile lile, limebadilisha nguo tu.

Sehemu ya pili ni hotuba mbili za msiba wa Kaizari, ya Bruto kwanza kisha ya Antonio, rafiki wa Kaizari. Tafuta wasomaji wawili wenye sauti nzuri, wasome kwa kusimama sio kwa kukaa, mmoja akimaliza tu msimamizi apige kura ya mikono: nani anaona kumuua Kaizari ilikuwa haki? Andika idadi. Kisha Antonio asome, yule anayemsifia Bruto kuwa ni mtu mwema mpaka sifa inageuka kuwa sumu, anawaonyesha vidonda, anawatajia wosia. Piga kura tena. Mikono ikihama, na mara nyingi inahama, msicheke mkapita, kaeni hapo hapo na kila aliyehama aseme ni sentensi gani iliyomhamisha, na kama sentensi hiyo ilikuwa na ushahidi wowote ndani yake au ilikuwa ni machozi matupu. Kwangu mimi hili ni zoezi bora kuliko yote kwa mtu anayeishi kwenye nchi yenye kampeni.

Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka 1951 itawafaa pia, Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha watu elimu ya sheria na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, wakarudi na faida wakaishia kuadhibiwa. Ni fupi na lugha yake inanoga ikisomwa kwa sauti.

Falsafa wengi wanaiogopa bure. Chukueni Sokrate tu, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyehukumiwa kifo huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Rafiki yake Kriton anamfuata gerezani na mpango wa kumtorosha uko tayari, Sokrate anakataa, anasema ameishi chini ya sheria za mji huu maisha yake yote, hawezi kuzivunja leo kwa sababu zimemgeukia yeye. Ukishawasimulia hivyo mweke pembeni yake Nyerere wa mwaka 1958, miezi michache baada ya mkutano wa Tabora, alipotiwa hatiani Dar es Salaam kwa kuwakashifu maafisa wa serikali kwenye gazeti la chama, akapewa achague faini ya shilingi 3,000 au miezi sita jela. Akalipa. Kufungwa kungemuongezea sifa, viongozi wengi wa ukombozi walipitia jela. Je kulipa ilikuwa kukubali mamlaka ya mahakama ya mkoloni, au ilikuwa kukataa kununua sifa wakati uchaguzi uko mlangoni? Sokrate angempongeza au angemuuliza maswali? Na msimsahau mtemi Isike wa hapa Unyanyembe, ambaye mwaka 1893 boma lake lilipovamiwa na wajerumani walioongozwa na Tom Prince alilipua baruti akiwa mle ndani kuliko kushikwa. Watu watatu, mlango mmoja wa madaraka, kila mmoja kaingia kivyake. Usiwape washiriki jibu la nani alikuwa jasiri zaidi, we waulize nani mwingine aliumia kwa kila uchaguzi, kwa mfano waliokuwa ndani ya lile boma na Isike.

Mambo ya uendeshaji ni machache. Watu wasizidi kumi na mbili, wakizidi hapo wanaongea watatu wengine wanasikiliza. Mahali pawe pa kukaa chini ya mwembe au baraza la mtu, kahawa na kashata zinatosha, baa hapana kwa sababu ya muziki na kwa sababu kuna wadada hawatakuja. Saa pia muiangalie, mkiweka jioni sana wanaouza sokoni na wenye watoto hamtawapata, na mkijadili haki bila wao mmeshaanza vibaya. Fotokopi za kurasa mbili tatu, mmoja asome kwa sauti kila mtu afuatilie, msidhani watu wamesoma nyumbani. Grupu la WhatsApp liwe la kupanga muda tu, ubishi ubaki barazani, maana kwenye simu watu wanakuwa wakali kuliko walivyo. Na kwa kuanzia chagueni maamuzi ambayo yametokea kabla yule mdogo wenu kuliko wote hajazaliwa, mambo ya wagombea wa sasa yakiingia mapema kijiwe kinakuwa tawi la chama, yataingia yenyewe baadaye mkishazoea kuulizana vizuri.

Mkishakuwa na vikao kadhaa karibisheni wazee, hasa kwa uamuzi wa kuhamishia watu vijijini miaka ya sabini. Wenzetu wa Kigoma hili mnalo mlangoni kwenu, operesheni ilifika huko mapema, na mwishoni mwa 1973 ikatangazwa kwamba kuishi kwenye vijiji ni amri, nchi nzima iwe imekamilisha kufika 1976. Bado wapo waliobebwa na lori wakiwa watoto. Mkimkaribisha mzee au bibi, shikamoo kwanza, mpeni kiti kizuri, na msimuulize "mzee unaionaje ujamaa" kwa sababu atawapa hotuba aliyoizoea. Muulizeni nyumba ya zamani ilikuwa wapi, mlibeba nini na mkaacha nini, mahindi yalikuwa yamefikia wapi shambani siku hiyo, nani alikuja kuwaambia muhame, alikuwa mtu mnayemfahamu au mgeni, na je alionekana anapenda kazi ile. Mmoja aandike wakati anaongea, msimkatishe hata akitoka nje ya mada. Akimaliza muombeni ruhusa ya kuyatumia maneno yake kwenye kikao, na kama kuna sehemu hataki isimuliwe, ikatwe mbele yake.