Somo: Kupiga picha ya wizi kwa mwanga wa tochi, sekunde 40

Siku za mwizi ni arobaini, basi nasi tunampa sekunde 40. Aliyevaa nyeusi asipomulikwa, kamera haimnasi hata akipita mbele ya lenzi. Kinachonaswa ni mali iliyoondoka, ikiwa nusu ipo nusu haipo.

Andaa kamera yenye Bulb, yaani mpangilio unaoiacha ikipokea mwanga muda wote utakao (bila hiyo nyingi hukomea sekunde 30), stendi ya miguu mitatu, rimoti yenye kufuli ya kushikilia kitufe, tochi mbili ndogo, karatasi nyekundu ya pipi ya kufunika tochi moja, karatasi nyeusi, kipande cha boksi jeusi, kikombe cheupe, na kanga yenye maua makubwa ya rangi kali.

1. Tundika kanga. Weka kikombe juu ya stuli, nusu mita mbele yake. Fokasi taa zikiwa zinawaka, kisha hamia MF (fokasi ya mkono), la sivyo lenzi itahangaika gizani. Weka ISO 100 (wepesi wa kupokea mwanga) na f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi). Zima kila taa, hata ya chaja, kisha bonyeza rimoti na uifunge; sekunde zinaanza hapo.

2. Sekunde 1–8: mulika kikombe kutoka ubavuni. Mdomo wa tochi uzungushie karatasi nyeusi iwe kama bomba, mwanga usiguse kanga.

3. Sekunde 9–14: ziba lenzi kwa boksi bila kuigusa, ondoa kikombe. Stuli isisogee.

4. Sekunde 15–25: fungua lenzi, mulika kanga yote huku mkono ukitembea. Maua yatapenya ndani ya kikombe.

5. Sekunde 26–40: elekeza tochi nyekundu kwenye lenzi, anzia kikombe kilipokuwa, vuta mstari. Mstari ukitoka nje ya fremu, mwizi kaponyoka; ukikatika ndani, arobaini imetimia. Wengi hupenda ukatike. Kwangu mzito zaidi ni ule unaorudi kukizunguka kikombe: mali imekwenda, mkono bado haujaachia.

Swali: Mwalimu, kikombe changu kimetoka kizima, kama hakijaibwa.

Jibu: Ama kanga hukuimulika ya kutosha, ama kikombe kilijaa mwanga. Mwanga ulioingia haufutiki, kwa hiyo kuondoa kitu gizani hakubadilishi chochote. Lazima cha nyuma kije juu yake. Kikombe kiishie kijivu, kisifike weupe kamili. Jaribu sekunde 4.

Swali: Vidole vinaonekana kwenye mstari.

Jibu: Tochi inavuja ubavuni. Izungushie selotepu nyeusi, vaa glovu.

Swali: Simu je?

Jibu: Yenye modi ya Pro, ya kupanga muda mwenyewe, inafaa. Ikikomea sekunde 30, gawa hatua 2 hadi 5 kwa sekunde 6, 4, 8 na 12.

Swali: Na aliyeiba kwa njaa, naye apewe nyekundu?

Jibu: Nyekundu imeshahukumu kabla ya mtazamaji. Toa karatasi, tumia tochi ileile iliyomulika kikombe. Hapo haijulikani mstari ni wa mwenye mali au wa mwizi. Ila nenda mbio: tochi tupu ni kali, mkono ukisita kidogo tu linabaki doa jeupe.