Kabla Hujafungua Kava: Maandalizi ya Kubadili Mkanda wa Taimingi wa Subaru EJ20

Kwanza hakikisha injini ya gari lako ina mkanda wa taimingi. Unaweza kucheka, lakini nimemwona mtu amebeba mkanda mpya na pampu ya maji kwa ajili ya Forester ya 2011, kumbe injini yake ni FB20, na FB20 inatumia cheni. Forester za SG5, zile za kati ya 2002 na 2007 zilizojaa Nairobi na Dar, ndizo zenye EJ20 na ndizo za mkanda. Hata EJ20 zenyewe hazifanani. Kuna yenye kemshafti (shafti inayofungua valvu) moja kila upande, hiyo ina puli mbili za kemshafti, na kuna yenye kemshafti mbili kila upande, ambayo ina puli nne na ndiyo utakayoikuta kwenye magari ya tabo. Mikanda yake haiingiliani. Fungua boneti, soma kibati cha modeli, andika namba ya chesisi na uende nayo dukani. Ukiwa Kirinyaga Road au Kariakoo na muuzaji akakuuliza tu "Forester ya mwaka gani?" kisha akakukabidhi mkanda, ujue amebahatisha.

Halafu jua unachezea nini. Kwenye EJ20 pistoni ikipanda na valvu ikishuka zinatumia nafasi ileile, kwa zamu. Mkanda ndio unaozipangia zamu. Ukikatika, au ukifungwa vibaya, valvu zinapigwa na kupinda, na kazi ya siku moja inageuka kazi ya kushusha injini na kutuma silinda hedi kwa fundi wa mashine. Mafundi wengi wa mtaani walijifunzia Corolla za 5A-FE, injini ambayo mkanda ukikatika inazima tu. Unafunga mwingine, unapiga stata, unaondoka. Mazoea hayo yakihamia kwenye Subaru yana hasara. Kwa hiyo ukimtafuta fundi usimuulize kama amewahi kubadili mkanda wa taimingi, maana kila mtu amewahi. Muulize alama ya krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwenye EJ20 iko wapi. Nitalirudia swali hilo hapa chini.

Mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000. Tatizo ni kwamba magari yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika, na kilomita za kwenye dashibodi huwa mtu mwingine amezitia mkono. Usizitegemee. Tafuta stika. Gereji za Kijapani zikibadili mkanda hubandika karatasi ndogo kwenye kava ya mkanda, ndani ya boneti au kwenye fremu ya mlango, yenye tarehe na kilomita. Piga picha, simu itakutafsiria maandishi, lakini mwaka uhesabu mwenyewe kwa sababu mara nyingi umeandikwa kwa enzi ya mfalme wao. Herufi H ni Heisei: ongeza 1988, hivyo H25 ni 2013. R ni Reiwa: ongeza 2018, hivyo R3 ni 2021. Usipoona stika yoyote na hakuna risiti, hesabu kwamba mkanda haujawahi kuguswa. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Sasa vipuri, na hapa usibane senti. Mkanda peke yake si tatizo kubwa. Kinachoua injini hizi mara nyingi ni beringi ya aidla (puli ya kuongozea mkanda) iliyokwama au tenshena (kinachoukaza mkanda) iliyoisha nguvu, ambavyo fundi aliviacha kwa sababu "bado vizima". Nunua seti nzima: mkanda, tenshena, aidla laini, aidla yenye meno, na pampu ya maji, kwani pampu ya EJ inazungushwa na mkanda huohuo. Ikifa baada ya miezi sita utafungua kila kitu upya. Thamostati imekaa kwenye pampu hiyo, kwa hiyo ibadili palepale. Ongeza sili za mbele za krenki na kemshafti kama kuna dalili yoyote ya oili, maana mkanda uliolowa oili haufiki mbali. Beringi mpya izungushe kwa kidole kabla hujalipa. Ikikwaruza au ikizunguka ovyo kama tairi la baiskeli, irudishe. Na mkanda mpya usiukunje ili uingie mfukoni. Nyuzi zilizomo ndani zinavunjika bila kuonekana kwa nje.

Vifaa si vingi. Soketi ya 22 kwa bolti ya krenki, na mpini mrefu wa kuisaidia. Soketi ya 14 kwa aidla na tenshena. Ya 10 kwa kava, na hizi za 10 ndizo zitakazokutesa: zimeshika kutu, na nati zake zimezamishwa kwenye plastiki, hivyo bolti inazunguka na nati yake bila kutoka. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jana yake usiku. Tafuta spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hata ya kuazima. Bolti za aidla zinaingia kwenye aluminiamu, na mkono wenye hasira huharibu nyuzi za bloku kwa dakika moja. Bolti ya krenki nayo ikilegea inakula ufunguo (kile kichuma kinachoishika puli isiteleze) na mfereji wake kwenye shafti, na kuna miaka ambayo kipimo chake cha kukaza kilibadilika, kwa hiyo soma cha injini yako. Tafuta pia kifaa cha kuizuia puli isizunguke. Ile mbinu ya kukaza mpini chini na kupiga stata ili bolti ilegee nimeiona ikifanya kazi, na nimeuona mpini ukiruka.

Alama ni jambo ambalo ningependa ulielewe umekaa, na kikombe cha chai mkononi, kabla hujashika spana. Kwenye uso wa puli ya krenki inayobeba mkanda kuna mshale mdogo unaoonekana wazi kabisa. Siyo wenyewe. Mshale huo unaonyesha pistoni ya kwanza ikiwa juu. Alama ya mkanda ni mkato mdogo ulio nyuma ya puli, kwenye ile duara yenye meno yanayosomwa na sensa, na unatakiwa usimame juu kabisa ukilingana na alama iliyo kwenye pampu ya oili. Kati ya viwili hivyo kuna robo ya mzunguko. Mtu akitumia mshale, krenki inakuwa imekosea kwa nyuzi 90, na valvu zitaligundua kosa kabla yake. Baadhi ya puli za kemshafti nazo zina mshale. Huko pia fuata mstari, achana na mshale.

Mkato ukiwa juu, pistoni zote nne zimesimama katikati ya silinda, si juu wala si chini. Watengenezaji walipachagua mahali hapo makusudi, kwa sababu hapo unaweza kugusa kemshafti bila valvu kukutana na pistoni. Lakini kwenye zile za puli nne, valvu za kuingiza na za kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe, na kemshafti za kushoto zimebanwa na springi za valvu. Ukiondoa mkanda zinaweza kuruka ghafla. Usiziachie zizunguke zitakavyo, na usizizungushe mbali ukitafuta alama. (Kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ya gari, kwetu upande wa dereva ndio kulia.) Kwenye injini hizo mistari miwili ya puli za upande mmoja inatazamana.

Kabla ya kutoa mkanda wa zamani, zungusha krenki kwa mkono hadi alama zote zikae, kisha piga picha kila puli ukiwa umeiangalia uso kwa uso, kwani ukisimama pembeni jino moja linakudanganya. Paka tipeksi au rangi ya kucha kwenye kila alama. Na meno yale ya sensa usiyaegemeze bisibisi ukivuta puli.

Tenshena mpya huja na pini inayoishikilia ikiwa imebanwa. Ukilazimika kuibana ya zamani, iweke wima kwenye jiriwa na ukaze polepole, dakika tatu au zaidi, ndipo uchomeke pini nyembamba. Ukiikimbiza, sili ya mafuta ndani inapasuka, na hutajua hadi usikie mkanda unagonga kava asubuhi. Kama gari ni la gia za mkono, kuna kibati kidogo kinachokaa juu ya puli ya krenki kuzuia mkanda usiruke jino. Kinaonekana kama kitu cha ziada, na ndiyo maana hukutwa kimebaki kwenye sanduku la fundi. Kati yake na mkanda iwepo nafasi ya takriban milimita 1.

Panga pia muda. Injini ipoe kabisa, maji ya rejeta yamwagwe, betri ifunguliwe, na usianze Jumamosi saa kumi jioni. Bakiza muda wa kuzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili baada ya kuchomoa pini, kisha kukagua alama za puli tena. Ile mistari iliyochapwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi mahali pake baada ya mizunguko miwili. Hiyo ni ya kufungia tu, usihangaike nayo. Puli yoyote ikipishana kwa jino moja, toa mkanda uanze upya. Na ukizungusha ukahisi kitu kimegota, simama hapohapo, usiongeze mpini. Kulanti mpya iwe tayari pembeni, kwa sababu Subaru inapenda kushika hewa na kutoa hewa hiyo kunachukua muda kuliko unavyodhani.

Kabla hujalala usiku wa kuamkia kazi, kata kipande cha stika, andika tarehe ya kesho na kilomita za gari, kwa wino usiofutika. Itakwenda kwenye kava, kando ya ile ya Kijapani kama ipo.