Shibiri yangu ni sentimeta 21

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, na kazi inayonilisha ni mapazia. Haipiti wiki bila mtu kuniletea kitambaa kilichopungua, au kilichozidi mita mbili tatu ambazo pesa yake imeshakwenda. Huwa inaniuma, maana hesabu ya kuzuia hasara hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Basi nakuandikia ninavyopima mimi, kuanzia dirishani hadi jikoni na kwenye paa.

Anza na mwili wako. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisuka ukili wa mikeka na sikuwahi kumwona na rula. Alinikaririsha: shibiri mbili mkono, mikono miwili wari, mikono minne pima. Shibiri unaipata ukitanua kiganja, toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mkono ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono yote miwili umeinyoosha pembeni. Tatizo ni kwamba kila mtu ana vyake, kwa hiyo chukua futikamba leo, jipime, uandike ndani ya mlango wa kabati. Vyangu ni hivi: shibiri sentimeta 21, mkono 43, pima 163. Nikikuta meza dukani sina futikamba, natembeza shibiri. Zikiwa sita najua ni sentimeta 126, na kona yangu ya sebuleni naijua.

Kitambaa lakini usikikisie kwa shibiri. Hapo toa futikamba.

Na usipime dirisha, pima fimbo ya pazia. Nilipoanza kazi nilipima dirisha lenyewe, nikamshonea mama mmoja mapazia yaliyoishia shibiri nzima juu ya sakafu. Nilimnunulia kitambaa kingine kwa pesa yangu, na tangu siku hiyo sikati kabla sijauliza fimbo iko wapi. Tuseme dirisha lina upana wa sentimeta 150, na fimbo imezidi 20 kila upande. Jumla 190. Pazia likae na mikunjo mizuri linataka mara mbili ya hapo, yaani 380. Ukizidisha mara moja na nusu litakaa pia, ila likifungwa litaonekana kama shuka lililoanikwa.

Urefu: toka kwenye fimbo hadi sakafuni, tuseme 220. Ongeza 10 za kukunja juu na 15 za pindo la chini, unapata 245. Sasa muulize muuza duka upana wa jora. Kama ni sentimeta 150, gawanya 380 kwa 150. Unapata mbili na nusu na kidogo, kwa hiyo vipande vitatu. Cha tatu nakipasua katikati kwa urefu, kila upande upate kimoja na nusu. Vitatu mara mita 2.45 ni mita 7.35. Nunua saba na nusu.

Kama jora lina upana wa sentimeta 280, hesabu inageuka. Kitambaa unakilaza: upana wa jora ndio unakuwa urefu wa pazia, maana 245 inaingia ndani ya 280. Unachonunua ni ule upana wa mikunjo tu, mita 3.8, na sentimeta 20 za kukunja pembeni. Mita nne, bila kiungo katikati. Linganisha bei zote mbili kabla hujalipa. Mara nyingi kile kinachoonekana ghali kwa mita ndicho kinachotoka rahisi.

Maua yana hesabu yake. Ua likijirudia kila sentimeta 60, kila kipande lazima kianzie mahali pamoja, la sivyo maua yatapishana kwenye viungo. Kipande cha 245 kitakula marudio matano, sentimeta 300, na vitatu ni mita tisa. Punguza pindo toka 15 hadi 10: kipande kinakuwa 240, marudio manne kamili, na vitatu ni mita 7.2. Sentimeta tano za pindo zimekuokolea karibu mita mbili za kitambaa.

Jikoni napima gesi. Mtungi wangu ni wa kilo 6, na juu yake umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Wangu ni kilo 7.5, soma wa kwako. Nafunga gesi, natoa regulata, nasimama kwenye mizani ya kupimia watu nikiwa nimeukumbatia mtungi: 74.2. Nauweka chini, nasimama peke yangu: 63.5. Tofauti ni 10.7. Toa 7.5, gesi iliyobaki ni kilo 3.2. Nilianza kuutumia ukiwa umejaa tarehe 3 na leo ni tarehe 17, siku 14 zimekula kilo 2.8, sawa na gramu 200 kwa siku. Kilo 3.2 zitanifikisha siku 16 mbele. Siku ya kununua pia omba upimiwe: mtungi kama huu ukijaa usome 13.5.

Umeme ni rahisi zaidi. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Birika la wati 2,000 linamaliza uniti kwa dakika 30. Kama kila kuchemsha ni dakika tano, mara sita ni uniti nzima. Taa ya wati 9 uniti hiyohiyo itaiwasha zaidi ya saa 110. Ukishajua hivyo utaona pa kubana ni birika, taa ya kibarazani iache.

Mwisho maji ya mvua, maana masika huku kwetu hayana mchezo na maji ya bomba nayo hukatika. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Usipime mabati, yamelala mshazari. Pima ardhi iliyofunikwa na paa. Upande wangu wenye mfereji ni mita 8 kwa 5, mita 40 za mraba, kwa hiyo kila milimita ni lita 40, ndoo mbili kubwa. Toa sehemu moja ya tano kwa yanayoruka na kumwagika. Nikisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa wametaja milimita 30, nazidisha: lita 1,200, nikitoa hiyo ya tano zinabaki 960. Tenki langu ni la lita 1,000. Basi jioni hiyo nalisugua, naondoa majani kwenye mfereji, na yale maji ya mvua ya kwanza yanayofagia uchafu wa paa nayaacha yapite chini kabla sijaelekeza bomba ndani.