Kununua hisa za ng'ambo kwa simu ukiwa Nairobi: anza na stakabadhi, hisa zitangoja

Binamu yangu anauza vitambaa Eastleigh, na majuzi alinijia akitaka kununua hisa za Apple. Programu alikuwa ameshaipakua, pesa anazo, na alikuwa amesoma habari za kampuni hiyo kuliko mimi. Kilichomzuia ni anwani ya nyumbani kwake. Nimewasaidia jamaa na wafanyakazi wenzangu kadhaa kufungua akaunti za aina hii, na sijaona hata mmoja aliyeshindwa kubonyeza kitufe cha kununua. Watu hukwama kwenye stakabadhi, kisha pesa zao huliwa na ada njiani. Ndiyo maana mwongozo huu umelemea huko.

Hatua ya 1: Chagua programu

Jiulize maswali mawili. La kwanza: ni nani anayemsimamia dalali huyu, yaani kampuni inayokununulia hisa? Mamlaka ya Masoko ya Mitaji huweka kwenye tovuti yake orodha ya kampuni zenye leseni hapa Kenya. Fungua orodha hiyo mwenyewe na utafute jina la kampuni, maana jina la programu linaweza kuwa tofauti na la kampuni inayoimiliki. Picha ya leseni uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp si ushahidi wa chochote. Kama dalali ni wa Marekani, angalia kama ni mwanachama wa SIPC, ambayo humlinda mteja hadi dola 500,000 dalali akifilisika, na ndani yake fedha taslimu hadi dola 250,000. Bei ya hisa ikishuka, hasara ni yako, SIPC haihusiki.

Swali la pili: unanunua hisa yenyewe, au unaweka dau juu ya bei yake? Programu nyingi zinazotangazwa sana hapa mjini huuza CFD, yaani mkataba wa tofauti ya bei. Skrini itakuonyesha jina la Tesla na mchoro wa Tesla, lakini humiliki hisa yoyote. Mara nyingi pia unakuwa umekopeshwa na dalali ili dau liwe kubwa, na unatozwa ada kila usiku unaoacha mkataba wazi. Kwa anayeanza, msimamo wangu ni mmoja: usiguse CFD. Ukiona neno "leverage" (huo mkopo wa kukuza dau) au "1:100" kwenye ukurasa wa kwanza, ondoka.

Kuna programu za nyumbani kama Hisa na Ndovu, na kuna madalali wakubwa wa nje wanaopokea Wakenya, kama Interactive Brokers. Za nyumbani ni rahisi kuanza nazo. Mimi napendelea Interactive Brokers kwa sababu inafika hadi soko la London, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya 5. Ila ukaguzi wake wa stakabadhi ni mkali.

Hatua ya 2: Jina na anwani

Tenga muda wa kutosha hapa, na ufanye kazi hii kabla hujaanza kujaza fomu.

Tuanze na jina. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye kitambulisho, mawili kwenye akaunti ya benki, na huenda mpangilio mwingine kabisa kwenye M-Pesa. Hapa nyumbani hakuna anayejali. Dalali wa nje anajali sana, kwa sababu sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha humkataza kupokea pesa za mtu mwingine, na kwake "Mary Wanjiru Kamau" na "Wanjiru Kamau" wanaweza kuwa watu wawili. Kitambulisho cha zamani huandika majina yote mstari mmoja, kwa hiyo mkaguzi hajui lipi ni la ukoo. Kama una pasipoti, tumia pasipoti, kwa sababu jina la ukoo limetengwa na mengine. Andika jina kwenye programu vilevile, herufi kwa herufi. Kisha nenda benki uombe jina la akaunti lilingane na kitambulisho. Ni fomu ya ukurasa mmoja, na ni nafuu kuijaza sasa kuliko kusubiri pesa zirudishwe kutoka New York.

Sasa anwani. Mkenya akiulizwa anwani huandika S.L.P. Dalali wa nje haitaki S.L.P. Anataka mahali unapolala: nambari ya nyumba, jina la jengo, barabara, mtaa. Tena anataka karatasi inayothibitisha, yenye jina lako na anwani hiyohiyo, na mara nyingi isiwe imepita miezi mitatu tangu itolewe. Hapo ndipo mpangaji wa Nairobi anapopata taabu:

Stima ni ya tokeni, na tokeni huja kwa ujumbe wa simu. Hiyo si bili.

Bili ya maji ina jina la mwenye nyumba.

Stetimenti ya benki ina jina lako sawasawa, lakini chini yake imeandikwa S.L.P. na 00100.

Barua ya chifu ina uzito kwenye mambo mengi hapa kwetu, lakini mkaguzi aliye Ulaya hana namna ya kuipima. Usianze nayo.

Njia ninayoiamini ni stetimenti ya benki iliyorekebishwa. Nenda kwenye tawi, waambie unataka anwani yako ya makazi iingizwe kwenye rekodi na itokee kwenye stetimenti. Sisitiza maneno hayo ya mwisho, kwa sababu wanaweza kuiingiza kwenye mfumo na stetimenti ikaendelea kutoka na sanduku la posta. Siku chache baadaye omba stetimenti mpya ya PDF na uifungue uone kabla hujaituma popote. Binamu yangu anakaa Umoja kwenye jengo lisilo na nambari barabarani. Tuliandika nambari ya mlango, jina la jengo, Outering Road, Umoja, Nairobi, na benki ikaichapa hivyo. Njia ya pili ni bili ya intaneti ya nyumbani, ikiwa mkataba uko kwa jina lako na unataja mtaa. Ya tatu ni mkataba wa upangaji uliosainiwa na pande zote mbili. Wengine huukubali, wengine huukataa.

Ukishapata karatasi, jaza programu kwa kunakili karatasi. Wengi hufanya kinyume: wanajaza wanavyojua wao, kisha wanatafuta karatasi ya kufanana. Kama stetimenti imesema "Outering Rd", usiandike "Outer Ring Road". Panapoulizwa msimbo wa posta, weka ule ulio kwenye stetimenti. S.L.P. yako weka kwenye nafasi ya anwani ya barua, si ya makazi.

Tuma PDF yenyewe, si picha ya skrini. Kitambulisho kipige picha mchana karibu na dirisha bila flashi, kona zote nne zionekane, maana mng'ao kwenye plastiki hufuta nambari. Ukikataliwa, usitume karatasi ileile tena. Waandikie uulize ni kipi hasa hakikulingana. Sababu wanayotoa ya kwanza huwa ni ujumbe wa mashine.

Hatua ya 3: Fomu W-8BEN

Hii ni fomu ya mamlaka ya ushuru ya Marekani, IRS, inayosema wewe si raia wala mkazi wa huko. Programu itaijaza nusu na kukupa usaini. Soma mambo matatu kabla ya kusaini. Tarehe ya kuzaliwa huanza na mwezi: aliyezaliwa tarehe 4 Julai huandika 07-04. Nambari ya ushuru ya nchi yako ni PIN ya KRA, na baada ya ile A ya mwanzo hufuata tarakimu, kwa hiyo andika sufuri, si herufi O. Sehemu ya mkataba wa ushuru iache wazi, kwa sababu Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepuka ushuru maradufu. Maana yake ni kwamba gawio la hisa za Marekani, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia: ukipewa dola 10, unapokea 7. Faida unayopata kwa kuuza hisa kwa kawaida Marekani haiitozi kwa mtu asiye mkazi.

Hatua ya 4: Tuma pesa

Programu za nyumbani hupokea M-Pesa, ambayo kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa muamala. Dalali wa nje hupokea uhamisho wa benki kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kimataifa, na hapa hesabu ni muhimu kuliko hisa unayochagua.

Tuseme benki yako hukata shilingi 2,500, na benki ya katikati inayopitisha pesa hukata dola 15. Kwa shilingi 129 kwa dola, jumla ni kama shilingi 4,435. Ukituma shilingi 10,000, umepoteza asilimia 44 kabla hujanunua kitu. Ukituma 100,000, umepoteza asilimia 4.4. Kwa hiyo ukitumia SWIFT, weka akiba yako ya kila mwezi kwenye hazina ya soko la fedha (money market fund) hapa nyumbani, ikifika kiasi cha maana utume mara moja.

Ada nyingine haiandikwi popote: pengo kati ya bei ya dola ya benki na ile inayotangazwa na Benki Kuu. Uliza bei kabla ya kuidhinisha. Kwa kiasi kikubwa inawezekana kuijadili, ila upige simu kwenye dawati la fedha za kigeni. Programu ya benki haijadiliani na mtu.

Anza uhamisho kutoka ndani ya programu ya dalali ili ikupe nambari ya kumbukumbu, na nambari hiyo iandikwe kwenye fomu ya benki. Bila hiyo pesa hufika na kukaa bila mwenyewe.

Shilingi nayo haitulii. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Aliyenunua dola kileleni alipungukiwa na karibu asilimia 19 kwa hesabu ya shilingi, hata kama hisa zake hazikushuka senti. Pesa za karo ya Januari zisiingie huku.

Hatua ya 5: Nunua

Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni yetu hadi saa tano usiku, tangu Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Miezi mingine husogea saa moja mbele. Tumia oda yenye kikomo cha bei (limit order), yaani unataja bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, hasa ukiweka asubuhi soko likiwa limefungwa.

Kwa anayeanza ningenunua mfuko wa ETF (kapu la hisa nyingi linalouzwa sokoni kama hisa moja) unaofuata S&P 500, kampuni 500 kubwa za Marekani, kabla ya kampuni moja moja. VOO, mfuko wa kampuni ya Vanguard, hutoza asilimia 0.03 kwa mwaka. Lakini mimi hununua CSPX, mfuko wa namna hiyohiyo uliosajiliwa Ireland na kuuzwa London. Ada yake ni asilimia 0.07, ila gawio hukatwa asilimia 15 ndani ya mfuko badala ya 30, na linalobaki huwekezwa upya lenyewe. Pia mali iliyoko Marekani ya mtu asiye mkazi wala raia ikizidi dola 60,000 hutozwa ushuru wa urithi akifariki, hadi asilimia 40. Mfuko wa Ireland hauhesabiwi humo.

Hatua ya 6: Toa pesa kidogo

Kabla hujaongeza kiasi, uza kidogo na urudishe pesa hadi benki yako. Mauzo Marekani hukamilika siku moja ya kazi baadaye. Programu ambayo haikurudishii kidogo haitakurudishia kingi.

Hatua ya 7: Hifadhi kumbukumbu

Pakua stetimenti kila mwaka, pamoja na risiti za benki zenye bei ya dola, kwa ajili ya marejesho yako ya iTax. W-8BEN hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini: ya 2025 inaisha tarehe 31 Desemba 2028. Weka kikumbusho Novemba ya mwaka huo, na kama umehama nyumba, pitia kwanza benki ubadilishe anwani.