Oda Zinapopungua: Namna Mshonaji wa EPZ Nchini Kenya Anavyoweza Kulinda Malipo Yake

Mshonaji anayeunga mikono ya shati katika kiwanda cha EPZ (eneo maalumu la viwanda vya bidhaa za kuuza nje) huko Athi River hajapata kuonana na mnunuzi aliye Marekani, lakini ajira yake imeegemea AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nguo za Kenya kuingia huko bila ushuru. Muda wa sheria hiyo unapokaribia kwisha, wanunuzi husita kuagiza, na laini nzima ya ushonaji yaweza kusimama. Ethiopia ilipoondolewa katika mpango huo Januari 2022, pigo liliwafikia wasichana wa viwanda vya Hawassa, ambao hawakuwa na neno lolote katika uamuzi ule.

Kwa hiyo anza kujiandaa wakati kazi ingalipo. Tunza mkataba wako, na kila hati ya mshahara ipige picha siku unayoipokea, kisha umtumie mtu wa nyumbani, kwa sababu simu hupotea. Nunua daftari dogo uandike kila jioni tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la msimamizi wa zamu. Kagua pia kama makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yanayoonekana kwenye hati yako yamefika kweli katika akaunti yako. Wanaoitwa vibarua wasidhani kwamba haya hayawahusu: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na daftari lile ndilo litakalomsaidia kuuthibitisha mfululizo huo.

Mwajiri akitangaza kupunguza wafanyakazi kwa kukosa oda, anatakiwa kutoa notisi ya maandishi, angalau mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi, au kwako binafsi kama wewe si mwanachama, na kwa afisa wa kazi. Katika kuchagua wa kuondoka, ni lazima azingatie muda wa utumishi, ujuzi na uaminifu katika kazi; chuki ya msimamizi si kigezo.

Piga hesabu yako mwenyewe kabla ya kuitwa ofisini. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, hivyo aliyetumikia miaka 6 na miezi 4 anadai siku 90. Ongeza mshahara wa mwezi mmoja ikiwa hukupewa notisi yako, siku za likizo ambazo hukuzichukua, na mshahara wa siku ulizokwisha kufanya kazi.

Hapo ofisini ndipo penye hatari kubwa, nami naomba usikimbilie kalamu. Karatasi ya malipo ya mwisho mara nyingi huwa na sentensi inayosema kwamba huna dai lingine lolote, na mahakama yaweza kuichukua sahihi yako kuwa mapatano kamili. Isome yote, omba nakala, na kama kiasi kimepungua, usitie sahihi mpaka mwakilishi wa chama aione. Dai pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri hana ruhusa ya kukunyima.

Mkishindwa kuelewana, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa eneo lako, kisha katika mahakama inayosikiliza kesi za ajira. Dai hilo lifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita tangu haki yako ilipovunjwa.