Kabla hujatoka Dar na gari la kulala: betri usiibahatishe

Siku hizi Dar magari ya kulala yameongezeka. Utakuta Land Cruiser lenye hema juu ya paa, Hiace iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda, hata Noah yenye godoro nyuma na friji dogo la gari. Safi sana. Lakini wengi hupima mafuta, hupima upepo wa matairi, huongeza maji ya rejeta, halafu betri wanamwachia Mungu. Haya yaangalie ukiwa bado nyumbani, kabla hujavuka kwenda Kigamboni au kushika barabara ya Morogoro.

Betri ya kuwashia injini iache iwashe injini. Friji, feni na taa vipate betri yao ya pili, ile iliyotengenezwa kuchotwa polepole kwa saa nyingi. Ya kuwashia imeundwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache. Ukiikausha mara kadhaa, imekufa. Na zitenganishwe, ili ya pili ikiisha usiku, asubuhi gari liwake.

Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Vichwa visafishwe ule unga wa kutu, hasa kama gari linalala Kunduchi au Kigamboni kwenye upepo wa chumvi, kisha vikazwe kwa spana na kupakwa grisi. Betri ya maji iongezwe maji ya betri, ya bomba hapana. Isifungiwe kwenye boksi lisilo na tundu chini ya kitanda chako, maana ikichajiwa hutoa haidrojeni, na hiyo hulipuka.

Hesabu sasa. Friji dogo la volti 12 hula kama ampea 4 linapounguruma. Kwa joto la Dar la Januari halipumziki sana. Chukulia linafanya kazi nusu ya muda, yaani ampea 4 mara saa 12, ampea-saa 48 kwa siku nzima. Feni ya ampea moja na nusu kwa saa 8 ni 12. Taa na simu za watu wanne, weka 10. Jumla 70. Betri ya risasi iliyoandikwa ampea-saa 100 ukitaka idumu usiichote zaidi ya nusu, kwa hiyo una 50 tu mkononi. Umeshapungukiwa na hujachemsha hata chai. Betri ya lithiamu hukupa 80 au zaidi katika hizo 100, ndiyo maana bei yake inauma. Na maandishi ya ubavuni usiyaamini kirahisi. Betri nyepesi isiyo ya kawaida huku imeandikwa 200, muulize muuzaji vizuri kabla hujatoa hela.

Kupima kwa volti ni rahisi, ila kuna masharti. Betri ya risasi iliyojaa, ikiwa imepumzika saa moja au mbili bila kuchajiwa wala kuchotwa, husoma kama 12.7. Ikifika 12.1 au 12.2, nusu imeisha. Ikisoma 11.8 imebaki kidogo sana na unaiumiza. Ukipima huku injini inanguruma utaona 14 na ushee ukafurahi bure, kwani hiyo ni chaji inayoingia. Ukipima huku friji limewaka, itasoma chini kuliko hali halisi. Kwa lithiamu volti hazikusaidii sana: hukaa zilezile, 13 na kitu, karibu safari nzima, halafu huporomoka ghafla. Hapo ndipo unahitaji mita ya kuhesabu, ile yenye shanti, kipande cha chuma chenye boliti mbili kinachokaa kwenye waya wa hasi na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Kariakoo zipo, nyingine zinasomeka kwenye simu kwa bluetooth.

Na hapa ndipo naomba usikilize. Shemeji yangu alifungiwa mita hiyo na fundi mmoja wa hapa mjini. Kazi ilipendeza, waya zimefungwa kwa mpangilio, kioo kinawaka asilimia zake kwenye dashibodi. Tukaenda Saadani familia nzima, friji limejaa kamba, nyama ya kuchoma, na insulini ya mama mkwe. Mchana paneli ya sola juu ya paa ilipiga kazi, mita ikapanda mpaka 100. Usiku kabla ya kulala nikamuuliza, "Shemeji, betri ipo?" Akachungulia. "Ipo tisini na sita. Kalale."

Alfajiri friji lilikuwa limezima, halijulikani tangu saa ngapi. Barafu imekuwa maji, kamba wanajitangaza wenyewe. Mita bado inasema 95. Insulini ilikuwa ya uvuguvugu, na hakuna aliyethubutu kumchoma mama dawa ambayo hatujui imelala kwenye joto gani. Mama mwenyewe hakulalamika. Alijifunga kitenge, akaenda kukaa kiti cha mbele. Tulielewa. Safari ikaishia hapo, tukageuza kutafuta duka la dawa.

Fundi rewaya mwingine alipofungua, jibu lilichukua dakika mbili. Waya mweusi wa friji na ule wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, vilikuwa vimefungwa moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyuma ya shanti. Waya wa sola, taa na chaja za simu ndizo zilizopita kwenye shanti. Mita ikawa kama muuza duka anayeandika kila senti inayoingia, lakini vitu vinavyokopwa na mkubwa wa nyumba haviandiki. Sola ikiingiza, inahesabiwa. Friji likila usiku kucha, mita haijui kama lipo duniani. Na kinachoudhi zaidi, ukurasa wa pili wa mita hiyohiyo ulikuwa unaonyesha volti, na volti zilikuwa 11.5. Namba mbili kwenye kioo kimoja zilikuwa zinabishana, sisi tukaangalia ile nzuri.

Kwa hiyo kabla hujatoka, fanya hivi mwenyewe, usimwachie fundi. Zima kila kitu, funika paneli au zima swichi yake. Mita isome ampea 0 au karibu na hapo. Washa friji peke yake: isome kama 4, upande wa kutoka. Zima, washa feni, soma. Zima, washa inveta bila kuchomeka chochote. Hata hiyo tupu inakula, uone kiasi gani. Kifaa kikiwaka na mita isitikisike, waya wake umepita njia ya panya. Kwenye kichwa hasi cha betri ubaki waya mmoja tu, unaokwenda kwenye shanti. Nyingine zote za hasi, pamoja na ule wa kwenye bodi ya gari, zifungwe upande wa pili wa shanti. Halafu iambie mita ukubwa halisi wa betri yako, na chaji betri ijae kabisa ili mita ianze kuhesabu kutoka mahali sahihi. Mita iliyotoka kiwandani ikiwa imewekewa 200 wakati wewe una 100, itakudanganya kwa adabu kabisa.

Usitegemee injini ijaze betri kwenye safari fupi. Kutoka Posta mpaka ufukwe wa Kigamboni hujajaza kitu, na saa mbili za foleni ya Kimara injini ikiwa sailensa, inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, si sawa na saa mbili za barabara kuu. Sola nayo ina msimu. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hukupa pengine ampea-saa 25 mpaka 30 kwa siku. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mawingu yakitanda unaweza usipate hata nusu ya hapo. Ukiegesha chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli, umechagua kivuli na umekosa umeme.

Inveta nyingi hujizima betri ikifika volti 10.5. Kwa betri ya risasi huko ni kaburini, kwa hiyo usisubiri zilie. Zima mwenyewe mapema. Dawa ya mtu iwe na kipozeo chake cha pembeni chenye barafu, hata kama mita inasema mia. Beba testa ya kawaida, fyuzi za akiba na waya za kubusti. Na usiku betri ikikuishia, vumilieni joto. Msiwashe injini ili kuchaji huku watu wamelala ndani, moshi wake hauna huruma, na watoto ndio wa kwanza. Jiko la gesi pia liwashwe nje, na likizimwa mtungi ufungwe kooni.