Mambo ya kuzingatia kabla mikono haijagoma

Baridi yabisi ya viungo, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vya mwili wenyewe, huja kwa awamu. Wiki kadhaa unafua, unasonga ugali, unaandika kama kawaida. Halafu asubuhi moja huwezi hata kuzungusha ufunguo mlangoni. Vifundo vya vidole na vya mikono vimevimba, vina joto, na ukakamavu unachukua saa nzima au zaidi kulegea. Tabu ni kwamba mikono ambayo ungejiandaa nayo ndiyo hiyo hiyo iliyogoma. Maandalizi, basi, ni kazi ya siku za nafuu, siku ambazo hutaki hata kukumbushwa kuwa unaumwa.

Anza na dawa. Methotrekseti, ambayo wengi wetu huandikiwa, humezwa mara moja kwa WIKI. Kuimeza kila siku kumeshaua watu, kwa hiyo chagua siku moja na uiandike kwa kalamu nene juu ya boksi: JUMAPILI. Asidi ya foliki uliyopewa ni ya kupunguza madhara yake, usiiache ukidhani ni vitamini tu. Methotrekseti huchukua kama wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi, na ukiiruhusu iishe, ugonjwa una nafasi ya kurudi, hivyo nenda duka la dawa pakiti ikibaki nusu. Mwanamke anayefikiria kubeba mimba aongee na daktari kabla, si baada, kwa sababu dawa hii huharibu mimba. Na ukipata homa ukiwa unaitumia, usijitibu nyumbani, nenda ukapimwe.

Muulize daktari wako mapema: maumivu yakichachamaa nimeze nini, kiasi gani, kwa siku ngapi? Bila jibu hilo utajikuta usiku unachanganya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo ni za kundi moja na kwa pamoja huumiza tumbo na figo bila kuongeza nafuu ya maana. Prednisoloni, ambayo ni steroidi ya kutuliza uvimbe, nayo haikatizwi ghafla kama umeitumia kwa muda. Ile dawa ya unga isiyo na jina, inayoondoa maumivu yote kwa usiku mmoja, mimi naishuku. Ziko zilizopimwa zikakutwa zimechanganywa steroidi.

Sasa jikoni, maana huko ndiko mikono inakoteswa. Masufuria yetu mengi hayana mikono. Tunayaepua kwa kubana ukingo kwa kitambaa, dole gumba upande huu na vidole upande ule, na uzito wote wa maharage unaning'inia kwenye vifundo vidogo vilivyokwisha kuvimba. Huo mbano ndio mbaya kuliko kazi zote za jikoni. Tafuta sufuria moja yenye mikono miwili uibebe kwa viganja, au usiepue kabisa: zima jiko, chota kwa upawa. Mpini wa mwiko uzungushie kitambaa au mpira wa baiskeli hadi unenepe, kwa kuwa kushika kitu kinene hakuhitaji kukaza sana. Ugali wa watu wengi mwachie mwingine asonge. Nazi ipelekwe mashine.

Nguo nzito usizikamue kwa kuzisokota. Zikunje, zikandamize kwa viganja kwenye karai, kisha zianike zikichuruzika, jua litamaliza. Kwenye daladala pitisha mkono kwenye bomba ushikilie kwa kiwiko badala ya vidole, na mkoba uvae begani. Vidonge vya kwenye pakiti za kubinya, mwombe mfamasia au mtu mzima wa nyumbani akutolee vya wiki nzima na kuviweka kwenye kopo lenye kifuniko chepesi, mbali na watoto wadogo.

Mkanda mgumu wa kushikilia kifundo cha mkono upimiwe wakati mkono haujavimba. Mafundi wa vifaa hivyo wapo hospitali kubwa. Pale KCMC, Moshi, kuna chuo chao kabisa, TATCOT. Wa usiku hupumzisha kiungo, lakini asubuhi uvue, loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, ukunje na kukunjua vidole taratibu. Kiungo chenye joto jingi wengi hukipendelea baridi. Jaribu vyote viwili ujue mwili wako unataka nini.

Zungumza na wa nyumbani pia. Huu ugonjwa unakubana alfajiri, saa nane mchana unacheka na jirani, na watu wanahitimisha kuwa ulikwepa kazi. Afadhali mkubaliane mapema nani achote maji na nani afungue mtungi wa gesi siku hizo.

Kuna mambo mawili hayasubiri kliniki yako ya mwezi ujao. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, chekundu, pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, huenda ni usaha. Dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vikiwa vinakufa ganzi usiku, sema mapema, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kifundoni.

Na pete ivue leo. Kidole kikishavimba, sabuni na uzi mara nyingine haviwezi, na itabidi sonara aikate.